Nesi wa Maharamia

Kuna watu waliojaliwa uzuri, wengine wakajaliwa mali, na Bi Mwanamwema binti Maulid akajaliwa sauti. Si sauti ya kasida, maana kwa hiyo walimjaribu madrasa alipokuwa mdogo kule Wete, akaombwa siku hiyo hiyo awe anagawa kahawa. Yake ilikuwa sauti ya kuamrisha. Akikwambia kaa, unakuwa umeshakaa kabla hujatazama kama pana kiti. Kwa sauti hiyo aliwaendesha wagonjwa wa zahanati moja ya upande wa Pongwe tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zilipogeuka, na haikuwa siri kwamba wengine walipona kwa kuogopa kurudi.

Mtu akilala kitandani anaugulia kuliko maradhi yake yanavyostahili, Bi Mwanamwema husimama miguuni pake, mikono kiunoni, akasema, "Amka, huna ugonjwa wewe." Na mtu huamka. Madereva wa malori waliamka, walimu waliamka, na aliamka hata askari mmoja mwenye nyota begani ambaye alikuwa ameshaagiza aitiwe shehe.

Kisha akastaafu. Wakamuaga kwa pilau, saa ya ukutani na doti mbili za khanga, wakasema maneno mazuri, wakaenda zao. Akarudi nyumbani kwake Ngamiani kwa mumewe, Mzee Massoud, aliyekuwa karani bandarini zamani na ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Bi Mwanamwema alimpima presha asubuhi, akampima mchana, akampima na jioni anapotazama mpira. Ni jioni tu ndipo ilipopanda kidogo, na moyo wa mkewe ukatulia.

"Mama Hafsa," alisema Mzee Massoud siku moja, mkono wake umekabwa na kile kitambaa cha kipimo. Hafsa ni binti yao wa pekee, ameolewa Maskati. "Mie mzima. Tafuta mtu mwingine wa kumtibu."

"Nimtafute wapi?"

"Mji wote huu, mke wangu. Hutakosa hata mmoja."

Mji ulimkosesha. Wale wa zahanati walikuwa na nesi mpya, binti mpole anayewauliza wagonjwa wanajisikiaje. Majirani walikuwa wakimwona anakuja na mkoba wake mweupe wanafunga mlango wakijifanya wamelala. Kwa hiyo siku nyingi Bi Mwanamwema alivuka barabara akaenda kukaa dukani kwa Bi Noorjehan, muuza vitambaa, rafiki yake wa tangu ujana. Urafiki wao ulikuwa wa kugombana kila siku na kutokosana hata siku moja. Bi Noorjehan alikuwa na mtoto wa kiume, Shamir, aliyesomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi na nywele ndefu, akajifungia ghorofani juu ya duka anatengeneza gemu. Mama mtu akiulizwa, hujibu, "Anafanya kazi za kompyuta," kwa namna ya kumfanya muulizaji afikirie benki.

Huyo Shamir ndiye aliyebisha hodi kwa Bi Mwanamwema asubuhi moja, akamkuta uani mbele ya jiko anapika chapati.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au umetumwa?"

"Nimekuja kuomba sauti yako."

Akamweleza. Alikuwa anatengeneza gemu linaloitwa Bandari ya Chewa. Kuna mji wa pwani, wenyewe ni wavuvi na wauza nazi, na kuna maharamia wanaokuja kuuteka. Watu wanapigana. Humo ndani anataka nesi: mpiganaji akiumia, nesi anamtibu, anarudi vitani.

"Ni mambo ya malaria?" aliuliza Bi Mwanamwema, kwa kuwa kila aliyewahi kumfuata na kinasa sauti alikuja kwa ajili ya malaria.

"Hapana, Shangazi. Majeraha."

"Majeraha ya nini?"

"Mapanga."

"Jeraha la panga linashonwa. Huwezi kumwambia mtu aliyekatwa panga aamke tu."

"Kwenye gemu inawezekana."

Bi Mwanamwema alitikisa kichwa kwa kuwasikitikia watu wa gemu, lakini moyoni alikuwa ameshakubali tangu pale aliposikia neno nesi. Shamir akaweka kinasa sauti chake juu ya kinu, naye akasema aliyoambiwa aseme, kila neno kwa namna kadhaa: kwa ukali, kwa ukali zaidi, na kwa upole, ingawa ile ya upole Shamir aliisikiliza mara moja akasema basi, haidhuru. Walipomaliza, akageuka kuitazama chapati yake iliyokuwa inaungua, na katika haraka ile kidole kikagusa kikaango.

"Yarabi, kidole changu!"

Shamir alikimbilia maji ya baridi, akampa pole, akamshika mkono mpaka maumivu yakapungua. Ni mtoto mwenye adabu. Lakini hakusema kwamba kinasa sauti kilikuwa bado kinanasa, wala hakusema kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia mtu akilia kwa uchungu wa kweli namna ile.

Gemu lilipotoka, Bi Mwanamwema hakuliona, maana simu yake ilikuwa ya kupokea na kupiga, lakini alilitangaza. Kwenye kisomo cha wanawake aliwaambia, "Shamir amenitia kwenye kompyuta. Mie ndiye ninayewatibu wapiganaji." Wenzake wakasema mashaallah. Mmoja aliyesikia nusu alimfuata baadaye pembeni amuombe dawa ya kumrudisha mume, ikabidi aelezwe kwamba huyu ni muuguzi mwenye cheti, si mganga wa ramli. Hakuna aliyemuuliza anawatibu wapiganaji wa upande gani, na Bi Mwanamwema mwenyewe hakuwa amefikiria kwamba pande zinaweza kuwa mbili.

Alikuja kulijua hilo Raskazone. Alikuwa amekwenda huko kumtazama mgonjwa, yaani jamaa mmoja aliyepiga chafya kwenye simu. Wakati wa kurudi akaenda kijiweni kutafuta bodaboda, na kijana wa kwanza aliyemsogelea, Wilfred jina lake, alikuwa amevaa helmeti yenye mkanda unaoning'inia.

"Funga huo mkanda," Bi Mwanamwema alimwambia. "Au wataka tuje kukuokota vipandevipande?"

Wilfred hakufunga mkanda. Alisimama vilevile, anamtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa msikitini wakati yeye Mkristo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani. Naomba useme, 'Amka, huna ugonjwa wewe.'"

"Kwani umelala?"

"Sema tu, mama. Nakuomba."

Akasema. Wenzake Wilfred waliokuwa kivulini wanacheza drafti waligeuka wote pamoja, mmoja wao akaangusha kete.

"Ndiye," alisema mmoja.

"Ndiye yule bibi," alisema mwingine, na akasogea nyuma kidogo.

Wilfred akavua helmeti, akaikumbatia kifuani. "Mama," alisema, kwa utulivu wa mtu anayeshitaki mbele ya mwenyekiti wa mtaa, "nina muda mrefu napambana na yule haramia mwenye jicho moja. Nampiga, nampiga, nabakiza pigo moja tu. Unakuja wewe na mkoba wako. Unamwambia aamke. Anaamka mzima kama ametoka kuoga. Mwezi uliopita nilimnunia mke wangu kwa ajili yako."

"Haramia gani?"

"Wale wabaya, mama. Wanaochoma mji."

"Na mie ninawatibu hao?"

"Huna kazi nyingine."

 La kwanza lililomjia Bi Mwanamwema lilikuwa la kitaaluma.

"Na wanapona?"

"Wanapona wote, mama. Hujapoteza hata mmoja."

Akaona fahari, kwa kuwa hiyo ni rekodi ambayo zahanati yoyote ingeitamani. Hasira ilikuja baadaye kidogo, lakini ilipokuja ilikuja na mizigo yake yote.

"Nipeleke ninakoweza kuliona hilo gemu," alisema. "Na funga mkanda."

Wilfred alimpeleka kwenye chumba cha gemu cha Rahimu, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa Bi Mwanamwema mwenyewe, mahali alipopita kila siku akidhani wanatengeneza redio. Ndani mlikuwa na giza, feni inalalamika darini, viti vya plastiki, na vijana wamekaza macho kwenye runinga kubwa ukutani. Hakuna aliyegeuka. Akakaa nyuma kabisa na buibui lake jeusi, na Wilfred akamweleza kwa kunong'ona. Ni kama bao, alisema: huyu anacheza, anasubiri, na yule anacheza. Kila zamu unawasogeza watu wako, unaamua nani apige, nani ajifiche. Hawa wenye kofia za makuti ndio watu wa Chewa. Hawa wenye vilemba vyekundu ndio maharamia.

"Na mie?"

Wilfred akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya maharamia, karibu na ghala, alisimama mwanamke mdogo wa mraba, amevaa nguo nyeupe, mkoba begani.

"Mbona mnene hivyo?"

"Ni mchoro tu, mama."

Basi akatazama. Alimwona haramia mwenye jicho moja akianguka chini. Akamwona mwanamke mdogo akimkimbilia, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani, na haramia akainuka akajifuta vumbi. Chumba kizima kikaguna. Bi Mwanamwema alijikuta anatabasamu gizani.

Ndipo kijana aliyeshika pedi ya kuchezea gemu akasema, "Jamani, tunarudia kosa lile lile. Bibi kwanza."

"Bibi kwanza," wakaitikia wenzake.

"Muueni bibi kwanza, hawa wengine wataisha wenyewe."

Akaona wavuvi wawili na muuza nazi mmoja wanaliacha jeshi zima la maharamia, wanazunguka nyuma ya ghala, wanamjia. Yule mwanamke mdogo hakukimbia. Aliwageukia na mkoba wake, na muuza nazi akampiga na nazi.

"Yarabi, kidole changu!" ililia runinga, na chumba kizima, kwa sauti moja, kama watu waliofanya mazoezi, kikalia pamoja nayo, wakapigana mabega kwa kicheko.

Bi Mwanamwema akasimama.

"Nani aliyeniua?"

Vicheko vilikatika. Feni ndiyo peke yake iliyoendelea. Kijana mwenye pedi aliiweka chini polepole, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku, na Rahimu, mwenye chumba, akainuka kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Shikamoo, bibi," alisema Rahimu.

"Shikamoo, bibi," wakafuata wote.

"Marahaba. Nimeuliza nani aliyeniua."

Walitazamana. Rahimu akaona kwamba yeye ndiye mkubwa wao, itabidi ajibu. "Bibi, usituchukulie vibaya. Ni kanuni. Ukimwacha nesi hai, hushindi. Hata anayejifunza leo hilo ndilo la kwanza kufundishwa."

"Huyo nesi ana silaha?"

"Hana."

"Kwa hiyo mnampiga mtu asiye na silaha."

Rahimu akajikuna kisogo.

"Ana mkoba," alisema mmoja kutoka pembeni, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Bi Mwanamwema alitoka bila kuaga, akavuka mtaa, akaingia dukani kwa Bi Noorjehan aliyekuwa anampimia mteja kitambaa cha shuka. "Mwite mwanao," alisema, na Bi Noorjehan, ambaye katika urafiki wao wote hakuwahi kufanya aliloambiwa kabla ya kubisha, alimtazama usoni akaenda kuita.

Shamir akashuka ngazi na nywele zake. Akasomewa mashitaka yote: uharamia, unene, nazi, na kile kidole kilichoibwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipopewa nafasi akasema lililo kweli, jambo ambalo si busara siku zote.

"Shangazi, nilijaribu kila kitu. Nilimweka wa jicho moja, nikaweka wenye mashoka, nikaweka na mwenye bunduki. Hakuna aliyewaogopa. Watu walishinda wakaenda kulala. Nilipokuweka wewe, wakaanza kulia. Watu wananiandikia kutoka Mombasa wananitukana. Wewe ndiye adui mkubwa kuliko wote humo ndani."

Alidhani anamsifu.

"Hilo, mwanangu," alisema Bi Noorjehan kwa nyuma ya jora la kitambaa, "mtaa mzima ungekwambia bila kompyuta."

Bi Mwanamwema hakucheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka, mpaka Bi Noorjehan akaliweka jora chini.

"Shamir. Pale zahanati siku moja waliletwa wezi waliopigwa na watu, hoi. Punde wakaja na wale waliowapiga, mmoja amevunjika kidole kwa kupiga, mwingine amejikata. Niliwalaza chumba kimoja wote. Huyu anamtukana yule, mie ninashona. Sikuuliza nani wa nani. Nilipomaliza ndipo askari wakaja wakachukua wa kwao. Ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote. Leo wananiua na wanashangilia. Kama lazima niwemo humo, basi nitibu watu wote."

"Shangazi, gemu litaharibika."

"Litaharibika vipi kwa watu kupona?"

Shamir alimtazama mama yake. Akapanda ghorofani.

Siku chache baadaye akaleta toleo la majaribio, na siku ya Jumamosi baada ya alasiri watu wakajaa kwa Rahimu. Bi Mwanamwema alikuja na buibui la Idi. Mzee Massoud alikuja pia, kwa sababu alikuwa hajapata kumwona mkewe akienda mahali bila mkoba. Wakapewa viti vya mbele. Wilfred ndiye aliyeshika pedi.

Mwanzoni mambo yalikwenda kwa raha. Wa jicho moja alianguka, nesi akamkimbilia, akaamka. Mvuvi akakatwa panga, nesi akamkimbilia naye, naye akaamka, na chumba kikapiga makofi, kwa kuwa tangu gemu litoke hakuna mtu wa Chewa aliyewahi kuambiwa aamke. Bi Mwanamwema alimtazama mumewe pembeni kuona kama ameona. Ameona.

Kisha wa jicho moja akaanguka tena. Akaamka. Mvuvi akaanguka. Akaamka. Muuza nazi akapigwa, akampiga aliyempiga, wote wawili wakalala chini, wote wawili wakaambiwa hawana ugonjwa, wakainuka wakaendelea walipoachia. Pedi ikapita mkono hadi mkono. Watu wakatoka kwenda kula mihogo, wakarudi, wakauliza nani anashinda, wakaambiwa bado. Mji wa Chewa haukutekwa na haukuokolewa. Wilfred alilala kitini, mdomo wazi, na aliyekaa naye akawa anamchezea zamu zake. Adhana ya magharibi ilipokaribia, Rahimu mwenyewe alikuwa nje anazungumza na jirani habari za mvua.

"Kumbe ndivyo," alisema Mzee Massoud, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa bado anatazama kwa makini. "Ni kama zahanati tu. Mnawatibu, wanakwenda kupigana, wanaletwa tena."

 Bi Mwanamwema alikuwa anamtazama yule mwanamke mdogo wa mraba. Alikuwa anakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kutoka kwa yule kurudi kwa huyu, mkoba unamgonga kiunoni, na katika watu wote wale aliowainua hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

"Huyu mtu hapumziki?" aliuliza.

"Hapumziki, Shangazi," alisema Shamir. "Sikumwekea."

"Zima."

Shamir akazima. Hakuna aliyelalamika. Wilfred aliamshwa kwa kiwiko, akauliza kama wameshinda.

Watu walidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumatatu, baada ya kuosha vyombo vya mchana, Bi Mwanamwema alitokea mlangoni kwa Rahimu, akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha.

"Niwekee lile la zamani," alisema. "Na nipe hicho kidude nione kinavyoshikwa."

Wilfred ndiye aliyemfundisha, siku anazokosa abiria, na nyingine ambazo hakukosa. Haikuwa kazi nyepesi. Mwanafunzi wake alikataa kabisa kumpeleka vitani mtu aliyejeruhiwa. Kila aliyepata hata mchubuko alimrudisha nyuma ya msikiti akampumzishe, na maharamia wakawa wanauchukua mji huku jeshi lote la Chewa limelala bedi resti. Akashindwa mara nyingi. Mzee Massoud akaanza kujipima presha mwenyewe, akawa anampigia simu kumtajia, naye anajibu, "Sawa, sawa, ni nzuri hiyo," bila kusikiliza.

Polepole akaanza kujua. Akajua kusubiri, akajua kumtega adui kwenye uchochoro, akajua kwamba muuza nazi hapaswi kutangulia. Alasiri moja akamfikisha wa jicho moja ukingoni mwa bandari, amebakiza pigo moja. Akampiga. Akaanguka. Na kutoka nyuma ya ghala akaja yule wa mkoba.

"Amka, huna ugonjwa wewe."

Wa jicho moja akaamka.

Bi Mwanamwema akaiweka pedi magotini. Walio karibu naye wanasema alikuwa akipumua kwa pua.

"Kumbe anakera," alisema.

"Ndivyo tulivyokwambia, mama," alisema Wilfred kwa upole.

"Kiherehere tu. Nani amemwita?" Akaichukua tena pedi. "Huyu mvuvi wangu anaweza kupita juu ya ukuta huu?"

"Anaweza."

"Na huyu wa nazi azunguke na kule."

Chumba kikaelewa. Wa runinga za pembeni waliacha gemu zao wakasogea. Rahimu alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, hanywi.

"Bibi," alisema, "una hakika?"

"Nina hakika. Amesimama vibaya. Nesi hasimami mahali asipo na mtu wa kumlinda."

Mvuvi akapita juu ya ukuta. Muuza nazi akatokea kule. Pigo lilipotua na kile kilio kikatoka ukutani, hakuna kijana hata mmoja aliyecheka wala kuitikia. Waliuma midomo, wengine wakatazama dari, kwa heshima. Aliyeanza ni yeye mwenyewe. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, miwani ikaanguka, na alipokuwa anaipapasa chini ya kiti huku machozi yanamtoka, chumba kizima kikamfuata, na maharamia wakaisha mmojammoja kama yule kijana wa pedi alivyowahi kusema.

Jioni ile alikwenda dukani, akamwita Shamir mwenyewe bila kupitia kwa mama yake. Akamwambia amefikiri, na amekubali kubaki na maharamia, kwa kuwa nao ni watu na wanaumwa. Lakini ana masharti. Kwanza apunguzwe unene. Pili, akipigwa asife.

"Asipokufa atafanya nini, Shangazi?"

"Aende likizo."

Shamir alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akapanda ghorofani kufanya kazi. Toleo jipya lilipokuja, unene haukupungua sana, maana alisema mchoro unakataa. Kilio alikiacha vilevile. Alidai akikitoa, watu wa Mombasa wataandamana. Lakini baada ya kulia, mwanamke yule sasa hukaa chini kidogo, hujinyoosha mgongo, hufunga mkoba wake, na kuondoka kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, katikati ya vita, akiwapita maharamia na wavuvi kama mtu anayetoka zamu ya usiku, mpaka anafika pembeni mwa runinga na kutoweka.

Watu wa Bandari ya Chewa wanaruhusiwa kumpiga wakati anaondoka. Shamir hakuzuia hilo, labda kwa kusahau. Ni Rahimu aliyelizuia: alitangaza kwamba katika chumba chake, atakayempiga nesi anayekwenda likizo atafagia sakafu yote, na kuosha vikombe vya kahawa juu yake. Vijana wakaliona ni jambo la haki. Wilfred, ambaye alikuwa na sababu nyingi za kumpiga kuliko wengine, alimwacha apite kila mara, na siku nyingine alimpungia mkono.

Aliyefagia wa kwanza ni Bi Mwanamwema. Mzee Massoud alikuwepo, ameletewa kiti, na alishuhudia kwa macho yake mkewe akimpiga nazi ya kisogo yule mwanamke mwenye mkoba hatua chache tu kabla hajatoka.

"Mama Hafsa," alisema, "si alikuwa anaondoka?"

"Alinizibia njia," alisema Bi Mwanamwema, akampa Wilfred pedi amshikie zamu, akauliza ufagio uko wapi.